Kisu cha Macharia Hakipokelewi Mkononi

Naomba radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Miaka ishirini nimekula kwa kuchekesha watu jukwaani, na ukumbi ukinyamaza jasho hunitoka hadi kwenye soksi. Leo nawasimulia jambo ambalo mkicheka mtakuwa mmekosea, na mkinyamaza nitaogopa mimi. Vumilieni.

Mwaka wa 1971, wezi wawili walinivua suruali kwenye njia inayoteremka kutoka Uthiru hadi kwangu Riruta. Ilikuwa suruali ya mchezo, pana ya kuingia watu watatu. Walipoiona ilivyo wakanipiga tena, nadhani walitaka niwataje wale wengine wawili. Kisha mmoja akaninong'oneza, "Tukikukuta hapa tena, tunakuzika." Njia nyingine ya kwenda nyumbani sikuwa nayo. Nikaamua kutafuta kisu.

Madukani mjini nilionyeshwa vya kukunja. Nikajaribu kukifungua kimoja kwa haraka, ukucha ukavunjika. Mpaka kifunguke, mwizi atakuwa amenivua, amenikunjia nguo na kuniombea usiku mwema.

"Wewe tafuta kisichokunjika," Mungai akaniambia. Mungai ndiye tuliyekuwa tukiigiza naye. "Nenda Kinoo kwa Mzee Macharia, mfua vyuma. Lakini Odero, michezo yako uiache hapa. Fundi wa chuma hachezewi."

Nilifika jua likizama. Mzee Macharia alikuwa na mguu mmoja mkavu, akiuburuta. Hakutabasamu. Alinimwagia maji mikononi.

"Mtu mwenye hofu hutoka jasho viganjani," alisema. "Chagua ukiwa umelowa."

Akaweka visu vitatu chini, juu ya gunia. Cha kwanza kilikuwa kirefu, ningejichoma paja kila nikikaa. Cha pili mpini uliteleza. Cha tatu kilikuwa cha shubiri moja, kimefuliwa kwa springi ya lori, chuma kimepita ndani ya mpini hadi mwisho, kimezungushiwa ngozi. Nilipokigusa, vidole vyangu vikajifunga vyenyewe.

"Unamtafutia nani?"

"Yeyote atakayenifuata nyuma!" nikanguruma kwa sauti ya jukwaani.

Hakucheka.

"Umesema wewe. Sasa sikia. Kisu hiki hakipokelewi mkononi. Naweka chini, unaokota. Siku ukikirudisha, weka chini, niokote. Kikitoka mkono kwenda mkono, mikono hiyo miwili inakuwa maadui."

Jamani, kuna mchezo mmoja wa jukwaani usioshindwa. Mnyooshee mtu kitu ghafla, huku ukimwambia jambo jingine, atakipokea kabla hajafikiri. Nimewahi kumpa chifu mzima kuku aliye hai.

"Mzee, kiatu chako kinaungua! Hebu nishikie!" nikamnyooshea kisu.

Akapokea.

Nilicheka peke yangu. Mzee alikitazama kisu mkononi mwake kama mtu aliyeshika nyoka. Akakilaza chini polepole.

"Lala hapa," alinong'ona. "Asubuhi nitakiosha. Usiende nacho hivyo..."

Nikakiokota, nikaenda.

Giza lilikuwa linaanza kushika mibuni pande zote za njia nilipousikia mguu.

Tap... shrrr.

Nikasimama. Kimya.

Tap... shrrr.

Kisha harufu. Makaa, na chuma cha moto kilichochovywa majini.

"Odero..." Sauti ilikuwa karibu mno, ikanipasha joto shingoni. "Kiweke chini..."

Naapa mkono ule sikuutuma. Uligeuka kabla yangu. Kisu kikaingia kwenye kitu laini, kikakwama kidogo, kikatoka.

Hapakuwa na mtu.

Lakini kisu kilikuwa kimelowa.

Asubuhi nilirudi Kinoo nikikimbia. Mama Wahu, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee hakutoka jana," alisema. "Alikaa papa hapa motoni. Akasema, 'Yule mchekeshaji siwezi kumwacha aende hivyo.' Akafumba macho, akaanza kunong'ona. Kiganja kikapasuka. Chenyewe, nikitazama!"

Ndani, Mzee Macharia alikuwa amefungwa kitambaa. Nilikiweka kisu chini mbele ya miguu yake.

"Okota, Mzee. Nakusihi."

Akanyoosha mkono. Vidole havikukunjika. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu alikisukuma tu, kikaja kwangu.

"Mkono wa kukipokea haupo tena," alisema. "Usimruhusu mtu nyuma yako."

"Huo ndio mkono uliokuwa unatulisha," Mama Wahu alisema. "Toka kwangu, mwana wa kicheko. Toka!"

Nimekitupa mtoni. Nimekitupa kwenye choo cha shimo. Kila jioni nakikuta kiunoni, kisafi kuliko mimi.

Basi miaka mitano sasa mke wangu Philister hutembea mbele yangu. Majirani wanadhani ni heshima. Juma lililopita tulikuwa tunatoka kanisani jioni, kwenye njia ile ile. Ukanda wa kandambili yake ukakatika, akainama. Mimi nikampita bila kujua, nikimsimulia kichekesho kwa kelele zangu zote.

Tap... shrrr.

Mkono ukaenda kiunoni.

Tap... shrrr.

"Baba Akinyi, ngoja basi..."

Nilijiangusha kifudifudi, nikauma kifundo cha mkono wangu mpaka damu ikajaa mdomoni. Kisu kilikuwa tayari nje. Kilikuwa kinamwelekea.

"Pita mbele," nilisema huku nimeuma meno. "Pita, mama... usiniguse."

Akapita akiwa na kandambili moja, analia bila sauti. Tangu siku hiyo analala na mlango wa chumba umefungwa, mimi niko sebuleni. Hata mimi ningeufunga.

Wale wezi? Hawajaonekana tena. Watu wa Riruta wanaisifu njia yetu, wanasema siku hizi kuna mtu mmoja tu wa kuogopwa. Na kisu msikilaumu, wala Mzee Macharia, aliyenionya kwa Kiswahili ambacho hata kuku wa chifu angekielewa. Nilikwenda Kinoo kutafuta cha kumkomesha mtu hatari, nikamleta nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, nikamfungulia mlango, na kumwambia Philister ampakulie chakula.