Krediti Tisa na Pakiti ya Kijani

Jumatatu asubuhi, nje ya stesheni ya treni ya Gangshan, mji wa viwanda vya skrubu, banda la kifungua kinywa la Mama Tseng lilikuwa limefurika. Watu wa viwandani walisimama na helmeti zao kichwani, skuta zikiunguruma kando ya barabara, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Mama Tseng hakuwa na muda wa kukariri majina. Kwake kila mwanamke ni mrembo na kila mwanamume ni mtanashati, hata awe ametoka kitandani bila kunawa uso. Basi alipoweka mifuko miwili juu ya meza na kusema, "Mrembo, mtanashati, chukueni vyenu," mikono miwili ikanyooshwa kwa pamoja na kila mmoja akabeba mfuko wa mwenzake.

Wa kwanza kugundua alikuwa yule mwanamume. Aliuma chapati ya mayai mara moja tu, akasimama katikati ya njia, macho yamejaa machozi.

"Dada," alisema akihema, "hii ni chapati au ni jiko?"

Ko Pei-shan aligeuka. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, suruali nyeusi, na viatu vipya vya kazi vyenye chuma mbele ambavyo vilikuwa vinambana vidole bila huruma. Aliona kijana mrefu, shati la kijivu lililopauka kwa kufuliwa, kucha zenye weusi wa mafuta ya mashine, na uso uliokuwa unajitahidi kutolia mbele za watu.

"Nami nilikuwa najiuliza nani kaagiza chakula cha mgonjwa," alimjibu, akimwonyesha chapati isiyo na pilipili hata chembe.

"Tubadilishane basi."

"Umeshaiuma."

"Kwani wewe hujauma yangu?"

Wakabadilishana hivyo hivyo, kila mmoja akala palipobaki. Mama Tseng aliwatazama, akacheka peke yake, akarudi kwenye kikaango chake.

Pei-shan aliingia kwenye lango la kiwanda cha skrubu akiwa bado anatabasamu. Bi Hung, mke wa mwenye kiwanda, ambaye ndiye aliyekuwa bosi hasa, alimpokea, akamwonyesha kabati la kuweka vitu vyake, kisha akamwita kijana atakayemfundisha kazi na kumpa alama mwisho wa muhula. Akaja yule yule wa chapati, Liao Po-sheng, midomo yake bado imevimba kidogo kwa pilipili. Tabasamu la Pei-shan likamkauka usoni. Umeshamwambia mtu anakula chakula cha mgonjwa, halafu unaambiwa huyo ndiye ameshika maisha yako. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Maana alikuwa ameyashika kweli. Chuoni kwao mwanafunzi wa mitambo hahitimu bila krediti tisa za fildi: muhula mzima kiwandani, na mwishoni msimamizi wa kazi ndiye anayesema amefaulu au hajafaulu. Pei-shan alishawahi kuzipoteza. Mwaka uliotangulia alikuwa fildi kwenye kampuni kubwa huko kaskazini, bibi yake akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Bibi ndiye aliyemlea. Pei-shan alifunga begi akarudi kumuuguza, fildi ikakatika, krediti zikaenda na maji. Wenzake walivaa joho wakapiga picha, naye akazitazama picha hizo kwenye simu akiwa ameketi kando ya kitanda cha hospitali. Bibi alipona, sasa anatembea na fimbo na kugombana na majirani. Chuo kikampa Pei-shan nafasi ya pili, kikamwambia wazi kwamba ya tatu hakuna.

Po-sheng hakuikumbushia habari ya chakula cha mgonjwa. Alimtembeza kwenye mashine za kugonga vichwa vya skrubu, safu nzima, makelele mpaka unahisi meno yanacheza. Juu ya kila mashine palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile yenye ladha ya nazi, imebandikwa vizuri. Pei-shan alizizoea tangu utotoni, alikuwa ameziona hospitalini na kwenye mashine za benki. Jina la vitafunio hivyo maana yake ni 'tulia, uwe mtiifu', na watu huamini kwamba mashine ikiwekewa pakiti inatulia na kufanya kazi kwa adabu. Lakini lazima iwe ya kijani, maana ya njano ni kama unaikaribisha shari, na lazima isiwe imepita tarehe yake.

Po-sheng akamkabidhi kazi yake ya kwanza: kila wiki akague tarehe za pakiti, inayokaribia kwisha abadilishe.

"Kaka, wewe umesoma mitambo kama mimi," Pei-shan alisema. "Unaamini kweli haya mambo?"

"Siamini," alijibu Po-sheng. "Lakini si mimi nitakayethubutu kuitoa."

Hapo Pei-shan alicheka, na kwa kweli hapo ndipo mambo yalipoanzia, ingawa yeye mwenyewe hakujua. Mapenzi yalikuja taratibu, yakiwa na harufu ya mafuta ya mashine. Po-sheng alimfundisha kusikiliza mashine kwa kuweka kiganja juu ya bati lake. Alimwekea sahani ya chakula cha mchana isije ikachukuliwa na wengine. Viatu vilipomtoa malengelenge, alimletea soksi nene, akamtupia tu kama mtu anayetupa tambara, akaondoka. Simu nazo zikaanza.

"Umefika nyumbani?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Kaka Po-sheng, hii nayo ni sehemu ya fildi?"

"Msimamizi lazima ajue kila kitu," alisema, na Pei-shan akajifunika shuka mpaka kichwani ili bibi asimsikie anavyocheka.

Jumapili moja ya mwezi wa tano walikwenda kula supu ya mbuzi. Pei-shan alivaa gauni la njano lenye mikono mifupi, nywele kaziachia, na Po-sheng aliyezoea kumwona na ovaroli alimpita mlangoni bila kumtambua, kisha akarudi kinyumenyume. Walikula mpaka jasho likawatoka, yeye Po-sheng akichovya nyama kwenye mchuzi wa pilipili ili tu aonekane mwanaume, akilia na kuendelea. Wakati wa kutoka mvua ilikuwa inanyesha. Chini ya kibaraza Po-sheng aliomba asiitwe tena kaka. Pei-shan alimuuliza aitwe nani basi. Po-sheng akamshika mkono, na Pei-shan akauacha ushikwe.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kukagua pakiti. Pei-shan alikuwa na mazoea ya kupitia kiwandani mchana, mlinzi anamfungulia, anabadilisha zinazotakiwa, anaondoka. Siku hiyo alisahau kabisa.

Katikati ya wiki Mwalimu Yeh alikuja kutoka chuoni kumkagua. Alipofika tu mbele ya mashine ya nne, ile aliyokuwa akiisimamia Pei-shan, ikapiga mlio mmoja wa ajabu na kuzima. Fundi Kuo, mzee mfupi mwenye nyusi nene na sauti ya kukwaruza, aliifungua akatoa pini iliyokatika. Ilikuwa imechoka siku nyingi, jambo la kawaida. Lakini kabla ya kuinama aliitazama ile pakiti juu ya mashine, akaibandua, akaigeuza.

"Imekwisha tangu juzi," alisema, akaiinua safu nzima iione.

Mtu mmoja nyuma akatupa neno. Akasema binti siku hizi macho hayako kwenye mashine, yako kwa msimamizi, na kwamba mwenye bahati ni mwanafunzi ambaye alama zake zinapikwa kwenye chungu cha supu ya mbuzi. Watu wakacheka. Mwalimu Yeh hakucheka. Pei-shan aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto, akamtafuta Po-sheng kwa macho. Po-sheng alikuwa amegeuka anaelekea ofisini kwa Bi Hung.

Pei-shan alimfuata, akitaka kumwomba radhi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Alisikia sauti ya Po-sheng, kavu, haina utani wowote ndani yake:

"Bi Hung, niondolee huyu mwanafunzi. Sitaki kumsimamia tena. Mpe Fundi Kuo."

Hakusubiri kusikia zaidi. Alirudi kwenye mashine yake. Fundi Kuo! Mwanafunzi aliyepita mikononi mwa Kuo alikuwa ameanguka, na wa kabla yake alifaulu chupuchupu. Kwa hiyo kosa moja tu, pakiti moja ya mahindi, na mwanaume aliyemshika mkono kwenye mvua alikuwa amemtupa kwa mtu mkali kuliko wote. Jioni hiyo Po-sheng alipiga simu. Hakupokea. Akapiga tena, Pei-shan akaifunga namba yake isiweze kuingia kabisa. Kisha akalia, na bibi, aliyekuwa anajifanya hasikii, akamletea bakuli la maembe yaliyomenywa na kuketi kando yake.

Po-sheng hakumfuata kazini. Alihamishiwa upande wa kupakia mizigo, na wakikutana uani alimwinamia kichwa kama mtu anayemsalimia mgeni. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alijiambia kwamba kama mtu hana neno la kusema, basi na yeye hana sikio la kumsikilizia.

Akabaki na Fundi Kuo, ambaye hakuwa na soksi wala sahani ya mtu. Kuo alimfanya afungue mashine na kuifunga, aifungue tena, mpaka mikono ikafanya ganzi. Akikosea hakumkaripia, alimwambia tu arudie, na hilo lilikuwa baya kuliko kukaripiwa. Wiki zikaenda. Pei-shan alikonda kidogo, akaacha kuogopa makelele, akaanza kuisikia pini inayochoka kabla haijakatika. Na pakiti za kijani hakusahau tena hata siku moja.

Mwisho wa muhula Mwalimu Yeh alirudi. Fundi Kuo alimwambia Pei-shan abadilishe ukubwa wa skrubu kwenye mashine ya nne peke yake, mbele ya watu wote, na yule mtupa maneno akiwemo. Pei-shan aliweka kiganja juu ya bati, akafanya kazi yake. Skrubu zikaanza kumwagika kwenye ndoo, zinang'aa. Kuo aliokota moja, akaipima, akaokota nyingine. Akamgeukia Mwalimu Yeh.

"Huyu anajua," alisema. "Mpeni krediti zake zote."

Yule mtu wa nyuma alikuwa anaangalia viatu vyake.

Pei-shan alimfuata Fundi Kuo nje, akamshukuru. Kuo aliwasha sigara, akasema shukrani hizo apeleke kwa mwenyewe. Pei-shan akauliza mwenyewe ni nani.

"Yule mjinga wa kule kwenye mizigo," alisema Kuo. "Nilikuwa nimesimama dirishani siku ile. Alimwambia mama bosi, 'Nikimpa alama mimi, maisha yake yote watu watasema alipewa na mchumba, na yeye hatakuwa na la kuwajibu. Mpe Kuo. Hakuna mtu duniani aliyewahi kupendelewa na Kuo.'" Akapuliza moshi. "Sijui kama lilikuwa tusi au sifa. Nimeamua ni sifa."

Pei-shan alibaki amesimama pale uani. Alijisikia furaha, akajisikia hasira, na hasira hiyo nusu ilikuwa juu yake mwenyewe na nusu juu ya Po-sheng. Akatoa simu, akaifungua ile namba.

"Uko wapi?"

Upande wa pili ikaja sauti iliyokosa pumzi. "Kwa Mama Tseng. Kwenye foleni, zamu yangu bado. Pei-shan, ni wewe kweli?"

"Usiondoke hapo."

Alipita dukani kwanza. Alipofika, Po-sheng alikuwa amesimama kando ya banda, shati lile lile la kijivu, amepungua. Alifungua mdomo kusema, Pei-shan akamzuia kwa kidole.

"Uliamua mambo yangu bila kuniuliza."

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo sababu. Halafu ukafunga simu, nikaona ni afadhali ukasirike ukiwa na krediti zako, kuliko ufurahi huku watu wanakusema. Nikasema nitakaa mbali mpaka alama zitoke."

"Siku nyingine uniulize," alisema Pei-shan, machozi yameanza kumtoka hadharani na hajali. "Niulize, nikatae mwenyewe. Umenisikia? Nilidhani umenitupa."

"Nimesikia," alisema Po-sheng. "Nisamehe."

Ndipo Pei-shan akatoa kwenye begi pakiti mpya ya kijani na gundi ya karatasi. Akaibandika kwenye shati la Po-sheng, upande wa kushoto, akaipapasa kingo zake zishike. Watu wa foleni waligeuka wote.

"Hii mashine ya humu ndani ilinizimia tangu mwezi wa tano," alisema. "Sitaki izime tena."

Po-sheng aliinamisha kichwa akasoma tarehe iliyo chini ya pakiti. "Inaisha mwezi wa kumi na moja."

"Basi mwezi wa kumi na moja nitakuja kuibadilisha."

"Na hiyo nyingine ikiisha?"

"Nitabadilisha. Hii kazi ulinipa mwenyewe."

"Muhula umekwisha, Pei-shan. Krediti unazo. Kazi hiyo haina alama tena."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana naifanya."

Po-sheng aliweka kiganja juu ya ile pakiti, mkono wa Pei-shan ukiwa bado chini yake, na safari hii hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kuutoa. Nyuma yao Mama Tseng, ambaye miaka yote hakuwahi kumtofautisha mteja na mteja, aliweka mfuko mmoja tu juu ya meza, chapati mbili ndani, moja ya pilipili na moja ya mgonjwa.

"Mrembo," alimwita Pei-shan, "chukua, na huyo mtanashati wako pia."