Mvua ya Saa Nne na Nusu

Vivutamvua arobaini vilipaa kwa pamoja juu ya bonde la Mlangwa. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa trekta. Vilifyonza unyevu uliotawanyika angani, vikaukusanya kuwa wingu zito, kisha vikasubiri amri. Tangu mashine hizo zianze kazi, mvua haikuwa tena na msimu. Ilikuwa na ratiba.

Ratiba ilishikwa na Mhandisi Gwerino Ndahani, na leo saa nne na nusu alikuwa na wageni wa kuwaonyesha.

"Nakuomba siku nane tu, Mhandisi," alisema Bi Mbeleje, mkulima aliyekuja kituoni kwa miguu. "Mtama wetu umechanua. Mvua kubwa ikipiga sasa itaosha chavua yote. Tutavuna mapepe, masuke yasiyo na punje."

Ndahani alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. Watu hawa! Miaka yote wanalilia mvua, leo wanaletewa hadi mlangoni, wanachagua siku kana kwamba wanaagiza chapati.

"Mama, hali ya hewa umeisomea wapi?"

"Sijaisomea. Nimelima miaka thelathini."

"Basi nenda kalime."

Wasaidizi wake wakacheka. Akabonyeza kitufe.

Mvua ilimwagika kwa muda wa saa mbili bila kupungua. Wageni walipiga makofi chini ya miavuli, na Ndahani akapandishwa cheo.

Wiki sita baadaye alirudi Mlangwa kupiga picha za mavuno. Mtama ulisimama mrefu, umependeza. Alichuma suke, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Mapepe yote yakapeperuka. Akachuma la pili, la tano, la kumi. Hakubakiwa na punje hata moja.

Barabarani, Bi Mbeleje alikuwa akifunga kinu chake juu ya mkokoteni. Nyumba nne nyuma yake zilikwisha kufungwa.

"Mnahamia wapi?"

"Penye chakula."

"Mama, ungenieleza vizuri siku ile…"

"Nilikueleza kwa Kiswahili," alisema Bi Mbeleje, akikaza kamba bila kumtazama. "Au na Kiswahili nacho ulitaka nikakisomee?"

Mkokoteni ukaondoka. Ndahani alikuwa bado amesimama pale simu yake ilipoita. Kituo kiliuliza mvua ya kijiji kinachofuata ishushwe saa ngapi.

"Wamepanda nini huko?" aliuliza.

Kituo kizima, hakuna aliyejua.