Mwito wa Sakafuni

Sakafu ya mbao ilitikisika mara mbili, kwa kisigino, vile vile mumewe alivyokuwa akimwita. Fundi cherehani akageuka. Hakukuwa na mtu, ila binti yake, Chiriku, aliyejikunja juu ya kochi, miguu haigusi chini, akizungumza na kona ya ukuta.

Fundi alizaliwa kiziwi, kama mama yake na bibi yake. Mumewe naye hivyo hivyo. Nyumba yao ilikuwa ya mikono na visigino: ukimtaka mwenzako unapiga sakafu, anageuka, mnaongea kwa vidole mpaka chai inapoa. Walipotaka mtoto, daktari aliwaambia siku hizi inawezekana: mimba kadhaa zinatungwa maabarani, zinapimwa, na inayopandikizwa ni ile ya mtoto atakayesikia.

"Na nyingine?" mume aliuliza kwa mikono.

"Zinaachwa," alijibu Fundi.

"Yaani zinazofanana na sisi ndizo zinazoachwa. Sisi tuna kasoro gani?"

Fundi alishikilia lake. Alichoka kuchekwa madukani, alichoka kukoswakoswa na magari yaliyompigia honi. Hakutaka mwanawe ayaonje hayo. Chiriku akazaliwa anasikia hata sindano ikianguka. Mume alivumilia miaka michache, kisha akafungasha. "Kila nikimtazama," alisema, "naona mkono wako ukiniruka, ukichagua mwingine."

Tangu hapo hakuna aliyempigia Fundi sakafu. Chiriku alionja raha ya kusema kwa mdomo, mikono yake ikawa mivivu kwa mama. Alikuwa akiongea na kona ile tangu utotoni, na Fundi hakuwahi kushangaa. Alidhani ndivyo walivyo wanaosikia, midomo yao haina likizo.

Leo aliuliza. "Nani kapiga sakafu?"

"Anayekaa hapa," Chiriku alijibu kwa alama za haraka. "Anasema amewaita tangu mlipohamia. Aliita, akalia, akapiga mayowe. Hamkugeuka hata siku moja. Nimemfundisha namna yenu."

Fundi akaitazama ile kona. Miaka yote ile alishona na kulala usingizi wa pono, huku kitu kikimlilia sikioni!

Siku zilizofuata harufu ya nywele zilizoungua iliganda chumbani, vioo vya dirisha vikatetemeka chini ya kiganja chake bila gari kupita, na Chiriku akawa anacheka akimpa mgongo, akikonda, akikataa shule, akikataa hata kuitazama mikono ya mama yake, mpaka Fundi akabaki kukaa mbele ya cherehani iliyozimwa, miguu peku sakafuni, akiogopa kuitwa na akiogopa kutoitwa.

Akamleta mganga. Mganga hakujua lugha ya alama, na mkalimani angekuwa nani mwingine? Ni Chiriku.

Mganga alifukiza, akasoma, jasho likamtiririka. Ghafla akatega sikio kuelekea konani. Kisha akamshika Fundi mabega akasema maneno mengi, akionyesha sakafu, akionyesha shingo ya Fundi, akitikisa kichwa: hapana, hapana.

"Anasema nini?" Fundi alimuuliza binti yake.

"Anasema ameondoka."

"Maneno yote yale?"

"Ndiyo, mama. Ameondoka."

Mganga alitoka mbio, viatu vyake akaviacha mlangoni.

Lakini harufu ilikwisha kweli. Chiriku akala, akarudi shule, akasema sauti imekoma, hamsikii tena. Fundi alilia kwa shukrani. Mwanawe amepona, na hilo ndilo alilokuwa akiliomba.

Alasiri moja, Chiriku akiwa shuleni, sakafu ilipigwa mara mbili nyuma ya kiti cha Fundi, kwa kisigino, taratibu, kwa upole wa mtu anayemjua.

Fundi alijua yuko peke yake. Alijua sasa mganga alikuwa akimkataza nini: kugeuza shingo akiitwa. Lakini upweke ulikuwa umemla kiasi cha kutosha, na mwito huu ulikuwa wake yeye, kwa lugha yake.

Akageuka, mikono yake imekwisha kuinuka kujibu.