Mtu wa Pili kwenye Kadi

Foleni ya kusajili magari ilikuwa imetoka mlangoni, imeshuka ngazi zote na kufika juani, na katikati yake mwanaume mmoja alikuwa anagomba peke yake.

"Gari yangu inakula majani? Inanusa maua? Sasa pesa ya bustani ni ya nini?"

Watu walicheka, maana kila mmoja alikuwa na neno hilo rohoni. Mwaka huo ada ya bustani ilikuwa imeongezwa kwenye usajili wa gari. Hulipi, hupati karte rozi, ile kadi ya gari, na bila karte rozi polisi wa kwanza barabarani anakushusha. Pesa hiyo ndiyo iliyokuwa ikipanda na kumwagilia bustani za umma, pamoja na ile mpya ya kando ya ziwa.

Houda Tajudini alikuwa mfanyakazi wa hiyo ya kando ya ziwa, ameletwa pale na amekaa kwenye kimeza karibu na dirisha, anaandikia waliokwisha kulipa kadi za kuegesha gari bustanini. Alivaa shati la kijani la kazi na kitambaa cha rangi ya limau, na kucha zake zilikuwa na hina ya juzi.

"Kaka," alimwita yule mgomvi, "gari yako inatoa moshi?"

"Kidogo."

"Basi miti njo inakunywa ule moshi. Lipia miti maji, tupumuzike."

Foleni nzima ilimcheka, na yeye mwenyewe akacheka. Alilipa, akaja kimezani. Ovaroli yake ilikuwa na madoa ya oili mpaka kifuani, lakini viatu viling'aa kama vya bwana harusi. Alikuwa Twalibu Huseni, fundi wa Buyenzi, avenyu ya tisa, mwenye Probox ya buluu.

"Mutu wa pili?" Houda aliuliza. "Gari yako ikifunga wengine njia, na we hushike simu, tuite nani?"

"Andika namba yako."

"Yangu?"

"We njo uko karibu na gari. Nitafute mwengine wa nini?"

Houda aliinamisha uso ili asionekane anavyotabasamu, akaandika jina lake mwenyewe. Tangu siku hiyo simu ya Houda haikupumzika. Twalibu alimpigia asubuhi kumuuliza kama ameamka, akampigia mchana kumuuliza kama amekula, na kila Ijumaa baada ya swala Probox ya buluu ilisimama mbele ya kwao Houda, imeoshwa mpaka magurudumu. Miezi tisa ikapita hivyo, ila Ijumaa mbili za mwisho alikuja kwa miguu, eti pompa ya gari inamsumbua. Wajomba wa Twalibu wakatuma neno kwa mzee Tajudini: Jumapili wanakuja kuposa.

Jumanne ya wiki hiyohiyo, Houda alitoka kuswali alasiri akarudi kazini kwake, kwenye geti la magari la bustani. Mwenzake Orlane alikuwa amepokea magari peke yake, na tayari kulikuwa na fujo. Kuna gari lilikuwa limeziba Prado ya mkuu wa bustani, na mzee mwenyewe alikuwa anapiga honi bila kuchoka.

"Kadi yake ni hii," Orlane alisema. "Mi niliitengeneza wiki jana, nikafuata karte rozi, ni ya mwaka mupya. Ita mwenyewe."

Houda aliisoma. Mwenye gari: Twalibu Huseni. Namba ya simu hakuwa na haja ya kuisoma, aliijua kuliko ya mama yake. Akashuka mstari wa chini, pa mtu wa pili. Joëlla.

Damu ilimpanda kichwani. Tusimfiche: Houda alikuwa mtu wa wivu tangu zamani, wa kunusa shati na kuuliza manukato haya ni ya nani. Lakini wivu wa siku zote ulikuwa wa mchezo. Huu haukuwa wa mchezo. Alipiga namba ya chini.

"Alo, sheri wangu?" sauti laini ilijibu.

"Si sheri. Ni ku geti. Gari yako imefunga wengine njia."

Mwanamke alitokea kwenye miti, gauni la lesi ya njano, nywele za kununua mpaka kiunoni, visigino vinazama kwenye nyasi. Funguo zilikuwa zinacheza kidoleni. Houda alizijua zile funguo.

"Pole sana, dada. Niko naitoa."

"Ni gari yako, madamu?"

"Ni yetu."

"Na Twalibu?"

"Unamujua Twalibu?" Joëlla aling'aa uso. "Ule mutu ni wa roho muzuri. Mi natembea na jina yake, na hana shida yoyote."

Natembea na jina yake. Houda alishika nguzo ya geti. Mwanamke anayebeba jina la mwanaume ni mke wake, nani asiyejua? Alitoa simu palepale.

"Roho yangu," alisema, na neno lilimtoka kavu, "uko wapi?"

"Ku garaji, asali. Niko chini ya gari."

"Gari gani?"

"Ya kwangu. Ile pompa bado inanisumbua."

"Iko mbele yako?"

"Mikono yangu iko ndani yake."

Probox ya buluu ilipita mbele ya Houda, pompa nzima kabisa, na Joëlla akampungia mkono. Houda alikata simu. Twalibu alipiga tena mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Houda aliliangalia jina lake kwenye kioo mpaka likazimika.

Nyumbani mama yake alikuwa anachambua mchele. "Houda, wajomba watakuja wangapi? Nipime pilau ya watu wangapi?"

"Kesho nitakwambia, mama."

Hakupata usingizi. Angesema hapana Jumapili, na baba yake aone haya mbele ya wageni? Au aseme ndiyo, aingie nyumba ambayo tayari ina madamu? Kufika alfajiri alikuwa amemwona Joëlla kwenye kila chumba cha nyumba ambayo hata haijapangwa.

Jumatano hakuwa na zamu. Alivaa abaya yake ya Idi yenye shanga mikononi, akajipaka wanja, maana kama kuna mtu wa kumwona ameshindwa, basi amwone amependeza. Alitembea mpaka avenyu ya tisa, akapita maduka ya vipuri na mafundi waliomsalimia asiwaitikie. Miguu ya Twalibu ilikuwa imechomoza chini ya lori la mtu. Houda aliipiga teke.

"Toka!"

"Houda? Mbona hushike simu?"

"Bibi yako iko wapi? Madamu Joëlla. Yenye anatembea na jina yako."

Twalibu alitoka taratibu, spana mkononi. Alimwangalia Houda, akaangalia chini.

"Ule si bibi yangu. Nilimuuzia gari."

"Usinidanganye mara ya pili."

"Wallah, Houda. Esansi ilikosekana, nikalala siku nne mu foleni ya stesheni ya mafuta, nikarudi na gari kavu. Gari ya kusukuma ni ya nini? Joëlla na bwana yake wakaitaka, nikauza. Huyu Pierre, mwenye lori hii, alikuwa shahidi."

Pierre, aliyekuwa amekaa juu ya tairi na kikombe cha chai, alitikisa kichwa kwamba ni kweli.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Juu ya we!" Sasa sauti ilimpanda na yeye. "Kutwa nzima unafungulia wenye gari. Unawachekea. Nikasema mutu wa miguu hutamutaka tena. Mara tatu nilikuja ku bustani na miguu, nikapitia ule mulango mudogo, wenye hawaulizake mutu kadi. Nilikaa mu majani nakuangalia. We na ule muzee wa Prado! Unacheka mpaka kitambaa inateleza."

"Ule ni shefu yangu, we!"

"Nitajuaje? Mi niliona meno tu."

Houda alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Kumbe na yeye. Kumbe alikaa kwenye nyasi, wivu unamla, mita ishirini kutoka kwake. Moyo wake ulilainika kabisa, na alikuwa karibu kumfuta oili shavuni pale alipokumbuka kitu.

"Ngoja. Kama uliuza, juu ya nini karte rozi iko na jina yako?"

Twalibu alikuna kichwa. "Kugeuza jina ni kulipa tena pesa ya bustani. Joëlla hakutaka. Akaniomba tuache vile. Wengi wanafanya hivyo, wanatembea na jina ya mwenye kuuza."

"Na we ulikubali."

"Ni karatasi tu, asali."

"Zubeda alikuwa anafagia pamoja na sisi," Houda alisema polepole. "Mwisho wa mwezi walimurudisha nyumbani. Walisema pesa ya magari haiingie vile walifikiri. Ana watoto watatu, Twalibu. Na wa kufuata mu liste ni mimi."

Twalibu aliiweka spana chini. Pierre aliona afadhali akatafute chai nyingine.

"Ingekuwa mwanamuke," Houda alisema, machozi yanamharibia wanja, "ningemuvuta zile nywele zake, ikaisha. Sasa hii nimuvute nani?"

"Nivute mimi."

"Kesho asubuhi mugeuze ile jina. Ao wajomba wabaki kwao."

"Tutaenda. Mi na Joëlla."

"We na Joëlla?" Machozi yalikauka mara moja. "Wawili?"

"Mwenye kuuza na mwenye kununua. Ni lazima."

"Na mi nakuja."

Alhamisi asubuhi walisimama foleni watu watatu. Joëlla alikuwa na suruali nyekundu na manung'uniko mengi, lakini alilipa, ada ya bustani pamoja na mengine yote. Walipofika dirishani akajisogeza begani kwa Twalibu ili asome fomu, na Houda akajipenyeza katikati yao. Akabaki hapo.

Karani aliandika jina la Twalibu, akaandika kazi, akaandika avenyu ya tisa. Kisha akainua kichwa.

"Umeoa ao hujaoa?"

 Twalibu aligeuka akamtazama Houda, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa anauliza. Nyuma yao watu walianza kukohoa kwa kuchoka.

Houda alirekebisha kitambaa chake.

"Muandike hajaoa," alimwambia karani. "Jumapili wajomba wanakuja, hatachelewa kurudi kugeuza."

"Kugeuza kunalipiwa, dada."

"Atalipa," alisema Houda.