Mahari Pazuri

Jumamosi mji wa Kitale hujaa mpaka mtu anapita upande-upande. Siku hiyo klabu ya sataranji ilikuwa imetandika meza barazani mwa duka moja kubwa karibu na soko, na watu waliokuja kununua sukari wakajikuta wamesimama na mifuko yao wakitazama. Chesang alikuwa ametoka tu kazini kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, bado yuko ndani ya koti lake la kijani linalonuka mbolea. Alipita kusalimia. Akaambiwa aketi, acheze mchezo mmoja wa haraka na mgeni kutoka Bungoma.

Mgeni mwenyewe alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likakubali, soksi za rangi ya chungwa. Jina Absalom, kazi kinyozi. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Anasogeza kete, anapiga saa, mkono umesharudi gotini, wewe bado unatafuta alichosogeza.

Hiyo saa ndiyo yenye maneno katika hadithi hii. Kila mchezaji ana muda wake. Ukimaliza kucheza unabonyeza upande wako, muda wako unasimama, wa mwenzako unaanza kwenda. Usipobonyeza, muda wako unaisha huku umekaa, na ukiisha umeshindwa, hata kama mezani ulikuwa umemmaliza mwenzako. Chesang alikuwa mchezaji hatari mwenye ugonjwa mmoja tu: akipata hatua tamu, anasahau saa.

"Madam, bonyeza saa," Absalom akamwambia kwa upole. "Inakura muda wako."

"Inafanya nini?"

"Inakura."

"Kwani kuna uchaguzi?"

Watu wakacheka, na Absalom akacheka kuliko wote. "Sisi watu wa Bungoma hizo herufi mbili, l na r, tunazitumia zote, hatubagui."

Chesang akabonyeza, akacheza, akashinda. Hapo ndipo mtu mmoja nyuma aliposema, "Si amekuachia tu, bana. Ameona macho." Kicheko kikazunguka baraza zima. Chesang akasikia masikio yanamuwaka. Alikuwa akicheza tangu shule ya upili, wanaume aliowapiga hawana idadi, na kila akimpiga mmoja lazima atokee mjuaji aseme ameachiwa.

Alimfuata Absalom mpaka nje. "Wewe. Usinihurumie tena. Ukiniona nazama kwa bodi, niache nizame. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

"Naapa mbele ya hizi nyanya," akasema, akionyesha karai la mama aliyekuwa akiuza pale. "Sasa nipe namba yako, ukizama nikupigie nikwambie sikuangalia."

Akampa. Mpaka leo hajui kwa nini alimpa upesi vile.

Simu zikaanza. Asubuhi simu, mchana simu, jioni usiseme.

"Niaje, malkia wa Kitale."

"Poa, kinyozi. Umekata masikio ya watu wangapi leo?"

"Nusu sikio tu. Nilikuwa nakufikilia."

"Nakufikiria."

"Ndio hivyo, mpenzi. Lakini ile yangu ina nguvu zaidi."

Wakawa wanakutana Kamukuywa, katikati ya njia, siku za soko, mmoja ametoka huku, mwingine kule, wanakula chapati na maharagwe huku bodi iko katikati ya sahani. Chesang alimletea mursik kwenye chupa, maziwa ya kwao yaliyolala kwenye kibuyu na mkaa, na Absalom akayanywa kwa adabu ya mgonjwa anayemezeshwa dawa. Chesang alicheka mpaka machozi. Mvua za mwaka huo zilipoanza alikuwa ameshamwambia dada yake Linah kwamba huyu harudishi.

Halafu yakaja mashindano ya Bungoma, kwenye ukumbi wa shule moja. Kila mmoja akapita upande wake, na fainali ikawakutanisha wao wawili. Chesang alivaa gauni la manjano alilojua Absalom analipenda, kusudi.

"Kiapo bado kipo?" Absalom akanong'ona walipokaa.

"Kipo. Leo nakuchinja."

"Karibu."

Na kweli alimchinja. Alimbana, akamsukuma pembeni, mwishowe akala malkia wake mchana kweupe. Utamu wa hatua ile ulimpanda kichwani. Akaketi vizuri, akaanza kupanga jinsi atakavyommaliza, na saa yake, ambayo hakuibonyeza, ikaendelea kwenda. Absalom alikuwa amebana mikono katikati ya magoti, macho chini. Mara moja tu alimeza mate, na jasho likamshuka shavuni.

Mwamuzi, mwalimu mmoja aitwaye Ian, akasogea akainama kwenye saa. "Muda umeisha. Absalom ameshinda."

Chesang alitazama saa, kisha akamtazama mwenzake. "Uliona."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Chesang, wewe mwenyewe ulini…" Akaacha. Akanyoosha mkono, kama wafanyavyo wachezaji mchezo ukiisha. Chesang aliutazama ule mkono, akachukua mkoba wake, akatoka. Ukumbi mzima uliona. Kumnyima mtu mkono ni aibu kuliko kushindwa, na Chesang alilijua hilo kabla hajafika getini. Hakurudi.

Kombe halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameshaanza kuwaza nyumba na mtu huyu. Siku mtoto anaugua, siku yeye mwenyewe amechoka na kusahau jambo, Absalom atakaa vilevile, mikono magotini, akimtazama anaisha?

"Lakini si ulimwapisha?" Linah akamuuliza.

"Nilimwapisha. Sikumwambia awe jiwe."

"Sasa ulitaka afanye nini? Angesema, ungemla mzima."

Chesang alijua ni kweli, na ndiyo sababu akazidi kununa. Absalom akipiga simu, haishikwi. Akituma ujumbe, haujibiwi. Usiku anausoma tena na tena, asubuhi anajifanya hajauona.

Siku moja simu ililia jikoni ilikokuwa ikichajiwa, Chesang hayupo, mama yake akaichukua.

"Habari ya leo, mama. Ni Absalom wa Bungoma. Mwambie Chesang nakuja Jumamosi. Nimepata mahari pazuri, nataka tukae tuongee."

Mama akavuta kiti akakaa. "Umepata mahari?"

"Ndio, mama. Pazuri sana, hakuna kelele."

"Basi njoo hapa nyumbani, mwanangu. Mambo kama hayo huongelewa nyumbani."

Mwalimu wa Kiswahili angeshtuka pale kwenye "pazuri" akajua kinachotajwa ni mahali pa kukaa, si mali ya posa. Lakini nyumbani kwa akina Chesang hakuna aliyewahi kugombana na ngeli. Absalom alikuwa amepata hoteli ndogo nyuma ya posta ya Kitale, yenye meza ya pembeni. Mama yeye aliona ng'ombe wanaingia. Akawapigia kaka zake wawili, Mzee Kigen na Kemboi, na bintiye akamwambia tu asiende popote Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Absalom akaingia na mkate, sukari, na bodi ya sataranji kwapani pamoja na ile saa. Sebuleni akakuta viti vimepangwa, wajomba wamevaa makoti, kibuyu cha mursik kiko mezani. Akasalimia, akakaa pembeni kabisa ya kiti.

Jikoni, Chesang alikuwa anamimina chai. "Linah, hawa wazee wamefuata nini?"

"Mama anasema kijana amepiga simu. Amepata mahari pazuri."

"Amepata nini?"

"Mahari pazuri."

Chesang akaweka birika chini. Kicheko kilimtoka pasipo ruhusa, cha kwanza tangu Bungoma. "Linah, huyo ni Absalom. Alisema mahali."

Linah akashika mdomo. Wakachungulia sebuleni, lakini Mzee Kigen alikuwa ameshaanza.

"Kijana, tumesikia umepata. Ni vizuri. Sasa tuambie umeleta nini, na wazee wako wako wapi."

Absalom akatazama kwapani. "Nimeleta… hii."

Wajomba wakaitazama bodi. Kemboi akakohoa. Absalom akainamisha macho, akabana mikono katikati ya magoti, akameza mate, na jasho likamshuka shavuni.

Chesang aliona uso ule akashikwa na baridi. Ndio uleule wa fainali. Siku ile aliusoma kama jiwe, kumbe mtu alikuwa anazama. Alikuwa ameketi mbele yake akiteseka kwa sababu ya kiapo alichomlisha yeye mwenyewe, mbele ya karai la nyanya. Na sasa zamu ilikuwa yake. Angeweza kukaa jikoni na kumwacha aishe, na Absalom asingemlaumu.

Akaingia na sinia, akaitua mezani. "Absalom."

"Eeh."

"Bonyeza saa. Muda wako unaenda. Wazee wamesikia mahari."

Absalom akawageukia taratibu, kama mtu anayeamka. "Wazee wangu, mimi nilisema mahari."

"Ndiyo tumesikia," akasema Kemboi.

"Hapana. Mahari. Mahari pa kukaa."

"Mahali," Chesang akasema.

"Ndio hivyo. Mahari."

Mzee Kigen akapangusa midomo kusudi asicheke. Mama akatazama dari. Absalom akasimama.

"Nilitaka pa kumwomba huyu msamaha. Niliapa kunyamaza, nikanyamaza, na moyo ulikuwa unanipasuka. Hicho kiapo sikiwezi tena, sitaki kukuona unaisha halafu nimekaa. Lakini wazee, kwa kuwa mmeshaketi na chai imeiva, siondoki bila kuuliza ile nyingine. Chesang akikubari, nitarudi na wazee wangu kutoka kwetu Bumula, tuongee mahari yenyewe."

Chesang alisikia kifua kinafunguka, kama mtu aliyetua gunia. Akanyoosha mkono, ule aliomnyima Bungoma.

"Hongera kwa fainali. Ulishinda vizuri, na mimi nilikosa adabu."

Absalom akaushika kwa mikono yote miwili. "Na hii nyingine?"

"Nimekubali. Na kiapo tumekifuta. Ukiniona nazama, sema."

"Hata nikikosea herufi?"

"Hata ukikosea zote. Sema tu."

Mama akaanza kugawa vikombe, machozi yamemlengalenga. Mzee Kigen akavuta ile saa karibu, akaigeuza, akauliza inabonyezwa wapi.