Wazee Mia na Kitabu cha Ndege

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mtunzaji wa chumba cha vitabu adimu katika maktaba ya mji aliingia kazini, akawasha taa, akaona kioo cha kabati la katikati kimeinuliwa na ndani hamna kitu. Kitabu cha Ndege kilikuwa kimetoweka. Nakala yenyewe ilikuwa hiyo moja tu, kurasa zake kubwa kama sinia, kila ndege amechorwa kwa mkono, manyoya yake unaona kabisa ukiyapuliza yatatikisika. Saa kumi alasiri siku ileile kilikuwa kioneshwe kwa wageni, waziri akiwemo. Mtunzaji aliketi sakafuni, akataka kulia, akaghairi, akapiga simu polisi.

Haukupita muda Inspekta Mbona akawa mlangoni. Jina hilo alibandikwa na wenzake kituoni, kwa kuwa swali lake lisipoanza na neno hilo halijakamilika. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye mazoea ya kusikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyesikia mtama ukimwagwa.

"Mbona mlango haujavunjwa?" aliuliza.

"Unafunguka kwa kadi ya maktaba, Afande," alijibu Mkutubi Mkuu, bibi aliyebakiza miezi michache kustaafu. "Wenye ruhusa ni mimi na mtunzaji tu. Jumamosi tukifunga tulikiacha mahali pake, na jana sote wawili hatukuwepo."

"Mbona basi mlango usituambie ni kadi ya nani iliyoingia?"

"Hilo mwulize Fundi."

Fundi alikuwa binti wa kompyuta, na Inspekta alimkuta katika chumba cha mitambo, macho mekundu. Naibu wa Mkutubi Mkuu alikuwa ameshamwambia ngazini, mbele za watu, kwamba jua la leo halitazama akiwa bado na kazi.

"Keti, mwanangu," Inspekta alisema, akajivutia kiti. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama huwa analala nikianza, Afande."

"Mimi nalipwa nisilale. Endelea."

Fundi akapangusa miwani. "Tuna seva ya utambulisho. Kazi yake ni kujua nani ni nani, na nani anaruhusiwa nini. Wasomaji wetu elfu sita wote wamo humo, na wafanyakazi. Ukigusisha kadi mlangoni, mlango unaiuliza seva: huyu aingie? Seva inajibu ndiyo au hapana. Lakini mlango wenyewe ni wa zamani, haukumbuki uliuliza habari za nani. Sasa, leo asubuhi nimetazama kundi la wenye ruhusa ya chumba kile. Lilikuwa na watu wawili. Nimekuta mia na wawili. Waliongezwa Jumamosi jioni, kwa mkupuo mmoja. Na ufunguo wa siri uliotumika, ile nywila inayoifungua seva, ni wangu. Maktaba iliyotumika pia ni yangu."

"Maktaba yako? Mimi nilidhani ni ya yule bibi pale juu."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Fundi alicheka. "Maktaba ya programu, Afande. Ni maagizo yaliyoandikwa tayari. Badala ya kuhangaika na msomaji mmoja mmoja kwenye skrini, naandika mistari michache, nayo inazungumza na seva kwa niaba yangu: ongeza huyu, ondoa yule. Ni nyepesi, ndiyo maana naipenda. Inafanya ulichoiambia, basi. Haikisii moyo wako unataka nini."

"Na hao mia ni akina nani?"

"Kadi namba moja mpaka mia. Watu walioandikishwa maktaba ilipofunguliwa. Wengi sasa ni wazee."

"Mbona mia kamili? Mwizi kawapendea nini?"

"Hakuwapenda. Ukiiomba seva orodha ya wasomaji, inakupa ukurasa wa kwanza tu, watu mia. Ukitaka wengine, omba ukurasa wa pili, wa tatu, mpaka waishe. Zipo maktaba nzito zinazokuombea zenyewe. Hii yangu haikuombei. Kila anayeanza kuitumia hujikwaa hapo, na hajui kama kajikwaa, kwa sababu mashine hailalamiki. Mimi mwenyewe yalinikuta. Niliwatumia wasomaji wote salamu za mwaka mpya. Zikawafikia mia, na waliobaki wakaninunia mpaka katikati ya mwaka."

Inspekta aliinamisha kichwa upande wa pili. "Nani mwingine anaijua kazi hii?"

Fundi akatazama vidole vyake. "Niliwafundisha viongozi mwezi uliopita. Watu wawili wakaniomba mfano wakajifunze: msimamizi wa kaunta, na Naibu. Niliwatumia programu nzima. Nikasahau kuutoa ufunguo wangu ndani yake."

"Haya. Hiyo idadi ya mia isitoke humu. Tunaijua wewe, mimi na bibi yako wa juu. Sasa iamshe hiyo maktaba yako nyepesi, uniitie watu wote mia waje saa sita. Mwambie kila mmoja polisi wanaomba msaada wake kuhusu kadi yake. Usimtajie mwenzake."

Wakati ujumbe unaondoka, Inspekta alishuka getini. Mlinzi aliapa kwamba Jumapili, maktaba ilipofunguliwa kwa nusu siku, alikagua kila mtu aliyetoka.

"Kitu kikubwa kama sinia kingekupita?"

"Afande, mimi nilikagua hata mwavuli. Niliufungua, mwenyewe akaniambia nitaleta mkosi."

Basi kitabu kilikuwa bado ndani. Inspekta akashusha pumzi. Ila ndani kulikuwa na ghorofa tatu, na rafu zisizo na idadi.

Ilipofika saa sita, ukumbi wa kusomea uligeuka kama harusi. Wale waliokuwa bado na uhai na magoti walikuja wote. Kuitwa na polisi si jambo la kila siku, hivyo walikuja wamependeza: suti zilizokaa kabatini miaka, vitambaa vya kichwa vilivyopigwa pasi, fimbo zilizong'arishwa. Watu waliosoma darasa moja wakakutana baada ya miaka arobaini. Kibao cha KIMYA kilikuwa ukutani, na hakuna aliyekijali.

Inspekta alikaa katika chumba kidogo cha pembeni, akawa anaita mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha.

"Mbona kadi yako iliruhusiwa kuingia chumba cha vitabu adimu?"

"Ndiyo kwanza nasikia kwako. Mimi mwisho wangu ni riwaya za mapenzi, kushoto ukiingia. Isitoshe, mwanangu, nusu ya mji huu imepita mikononi mwangu, pengine na wewe umo. Mtu uliyemuona anazaliwa humwibii. Unamwomba, naye anakupa kwa aibu."

Baada yake Mkutubi Mkuu aliinamia sikio la Inspekta. "Anayefuata umwangalie vizuri. Huyu alikuwa mpima ardhi. Miaka nenda rudi anasema michoro ile aliichora baba yake na kwamba tuirudishe kwake."

Mzee Mpima aliingia wima kama nguzo, akaketi, akaweka kofia magotini.

"Jana ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Hapahapa. Nilisoma magazeti tangu asubuhi, karibu na mlango wa chumba chenyewe, mpaka usingizi ukanichukua. Sina cha kuficha."

"Jana kadi yako ingekufungulia mlango ule."

Mzee aliitoa kadi mfukoni, akaitazama mbele na nyuma, na machozi yakaanza kumlengalenga. "Jana? Mimi ninayeutazama mlango ule kila siku kama mtoto nje ya duka la peremende? Mara ya mwisho kuviona vile vindege nilikuwa nimepakatwa. Mbona hamkuniambia, mama? Ningeingia dakika moja tu. Nisingegusa kitu."

Inspekta alimpa kitambaa. Alishawahi kuona machozi ya uongo ya kutosha. Haya hayakuwa katika kundi hilo.

Msimamizi wa kaunta hakuwa miongoni mwa wale mia, lakini aliitwa pia kwa sababu ya ile programu. Alikiri aliijaribu ikagoma, akaachana nayo. Tena alihamia mji huu mwaka jana. Kadi yake ilikuwa miongoni mwa za mwisho kabisa. Mlango ungemkatalia.

Naibu aliingia wa mwisho. Alikuwa msomaji wa maktaba hii tangu mtoto, na kwa kuwa wafanyakazi hutumia kadi zao za usomaji, namba yake ilikuwa arobaini na moja. Tai yake ilikaa sawa, uso wake haukukaa sawa.

"Inspekta, kwa heshima zote, unatupotezea muda. Waziri yuko njiani."

"Mbona unaona ni kupoteza muda?"

"Leo umeita kadi za zamani. Kesho zinazofuata, keshokutwa zinazofuata. Utamaliza lini, maadamu wasomaji wote elfu sita walikuwa na ruhusa? Hapa hakuna wa kukamatwa kwa maswali. Ni uzembe wa seva, na anayeishika seva unamjua. Mimi nilionya tangu mwanzo."

"Asante, Naibu," alisema Inspekta kwa upole. "Umenisaidia kuliko wote. Nisubiri ukumbini."

Kisha akatoka yeye mwenyewe, akasimama juu ya kiti ili aonekane. "Wazazi wangu, mmeingia hapa kama washukiwa. Sasa naomba muwe askari wangu. Kitabu kimo ndani ya jengo hili. Kikubwa, jalada jekundu. Nitafutieni."

Hawakungoja kuambiwa mara mbili. Walitawanyika ghorofa zote, fimbo zikigonga sakafu, wakiitana majina ya utotoni. Mzee mmoja alipotea kwenye jiografia, akapatikana anasoma. Naibu alibaki kwenye kiti chake, akiitazama saa ya ukutani, na jasho likamtoka pembeni mwa masikio.

Sauti ya Mkunga ndiyo iliyosikika, kutoka ghorofa ya juu. "Mtoto kapatikana. Yu mzima."

Alikikuta nyuma ya sheria za kodi, kwenye rafu ambayo vumbi lake lilikuwa halijaguswa na msomaji yeyote, isipokuwa mahali pamoja palipofutwa upya. Alikishusha ngazi amekikumbatia kama alivyozoea, kichwa mkononi, akakilaza mezani. Ukumbi ukapiga vigelegele. Mtunzaji akakikagua ukurasa kwa ukurasa. Hakikuwa na mkwaruzo.

Inspekta aligeuka. "Naibu, mbona uliniambia wasomaji wote walikuwa na ruhusa?"

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu hapa anajua."

Inspekta akautazama ukumbi. "Kuna aliyeambiwa habari hiyo?" Wazee wakatazamana, vichwa vikatikisika. "Fundi, wasomee. Walioongezwa ni wangapi?"

"Mia moja tu," alisema Fundi. "Wa kwanza mia."

"Haiwezekani," Naibu alisema, na uso ukamkunjamana kama mtu anayepiga hesabu upya. "Niliomba wote."

Kimya kilichofuata ndicho pekee ambacho kibao cha ukutani kilipata siku ile.

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Uliomba wote, ukapewa ukurasa wa kwanza. Ulitaka mwizi aonekane anaweza kuwa mtu yeyote mjini, au mashine yenyewe. Bahati yako mbaya ni kwamba ulikuwa msomaji wa mapema. Kadi yako ingekuwa namba mia na moja, mlango ungekukatalia, ungelijua kosa lako. Ulikufungukia, ukaamini umefungukia kila mtu. Aliyeamini hivyo ni mmoja tu: aliyetoa agizo. Sasa kilichobaki ni sababu. Mbona?"

Naibu alilegeza tai. Aliongea akiangalia meza. Saa kumi, mbele ya waziri na kamera, angekwenda kwenye rafu ile na kukitoa kitabu, shujaa aliyeokoa hazina ya mji. Mkutubi Mkuu anastaafu. Kiti kinamtafuta mtu. Seva aliyoileta bibi ingeonekana ni balaa, na Fundi angeondoka nayo. "Na chumba chenyewe mlininyima," aliongeza, akimtazama bibi. "Miaka kumi ni naibu, na mlango unanikatalia kama mpita njia."

"Ulileta wageni wakashika kurasa kwa vidole vyenye mafuta," alisema Mkutubi Mkuu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomwumiza Naibu zaidi. "Kadi yako namba arobaini na moja niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Ulikuja na kaptura ya shule, ukauliza kama kweli vitabu ni bure. Kiti kingekuwa chako, mwanangu. Barua ya kukupendekeza niliiandika wiki iliyopita."

Naibu akafunika uso. Polisi wawili wakamtoa kwa mlango wa nyuma, asipigwe picha, kwa ombi la bibi huyohuyo.

Fundi alikuwa ameshabadilisha ufunguo na kulirudisha kundi kwa watu wawili. Kisha, kwa ruhusa ya Mkutubi Mkuu, aliandika mstari mwingine mmoja, na kundi likawa na watatu. Saa tisa na nusu, wageni hawajafika, Mzee Mpima aligusisha kadi yake mlangoni. Taa ya kijani ikawaka. Mtunzaji akamvika glavu nyeupe, naye akafunua ukurasa wa kwanza polepole, akasimama mbele ya korongo wa kijivu, akaanza kucheka kwa sauti ndogo, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake.

Inspekta alimwangalia kwa mbali, kisha akavaa kofia yake aondoke. Alipofika ngazini alikuta wazee wamempangia foleni, Mkunga akiwa mbele, mkoba begani.

"Afande, tumekaa tumezungumza," alisema Mkunga. "Jumatatu ijayo utatuita saa ngapi?"