Vijiti Kumi na Viwili vya Laurier

Kila asubuhi, ukungu wa mto ukiwa bado umelala mtaani Mangobo, Kyakimwa alitoka nyuma ya nyumba kuchuma majani mawili ya laurier, mti wa majani ya kunukisha chakula. Hakuwa na haraka. Alisimama kwanza, akanusa, macho nusu yamefumbwa, mpaka mumewe Muhindo akauliza kama leo atauza samaki au atauza usingizi. Ndipo alipokwenda kufunga liboke zake, samaki wa kufungwa kwenye majani na kupikwa juu ya makaa.

Mti ule mama yake aliuleta kutoka Lubero ukiwa mche mdogo. Mama amekwisha kufariki. Kyakimwa hana picha yake hata moja. Ana mti tu.

Basi siku moja mwenye kiwanja akaja. Alisema kwa upole kabisa kwamba baada ya miezi minne wahame, kwa sababu atabomoa na kujenga upya. Nyumba nyingine hupatikana. Lakini mti umekwisha kulipita paa, utaubeba vipi?

Kyakimwa akafanya alichokijua. Amekua akipanda muhogo, na muhogo, jamani, hausumbui mtu: unakata kijiti kinene, unakichomeka, unakwenda zako. Akakata vijiti vya laurier vinene kama kidole gumba. Akavinyoa majani yote, akavipanga mstari mmoja juani, akavimwagia maji asubuhi na jioni. Wiki ya tatu vyote vilikuwa vyeusi. Aliketi chini akalia.

Chantal, jirani anayefanya kazi kwenye bustani ya miche, alimsikia akaja. Aling'oa kijiti kimoja, akatazama mwisho wake uliooza.

"Yaya, hii haiko muhogo," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Muhogo iko na chakula ndani ya kijiti yake. Laurier inakula kwa kutumia majani. Na we ulinyoa yote."

"Bon, unisaidie basi. Sina kitu ingine ya mama."

Chantal hakumficha: laurier ni mvivu wa kutoa mizizi, na katika vijiti kumi na viwili, vikishika viwili au vitatu ushukuru. Kwanza alinusa jani, ahakikishe ni laurier ya kupikia. Ile laurier-rose ya maua ya waridi, wanayopanda watu kwa urembo, ni sumu. Isiingie kwenye chungu kamwe.

Kisha wakafanya kazi pamoja. Walichagua matawi ya mwaka huu, yaliyoanza kukomaa lakini bado yanapinda. Walikata vijiti kumi na viwili, kila kimoja urefu wa shubiri moja, kimekatwa kwa kisu kikali na safi, chini kidogo ya mahali jani linapotokea. Majani ya chini waliyatoa. Ya juu mawili waliyaacha, wakayakata nusu ili yasipoteze maji mengi. Walichanganya mchanga wa mto uliooshwa na mbolea iliyooza vizuri, wakajaza makopo yaliyotobolewa chini. Walichomeka vijiti mpaka nusu, wakanyunyiza maji kidogo. Juu waliweka mfuko mweupe wa plastiki unaopitisha mwanga, umeshikwa na vijiti vya mianzi usiguse majani. Makopo yakakaa kivulini.

Kila siku Kyakimwa alifunua mfuko kidogo, hewa ipite. Udongo ukikauka alinyunyiza, ukiwa na unyevu aliuacha. Mchana, joto likishika, alikaa karibu na makopo akitazama matone yakiteremka ndani ya plastiki. Usingizi ukamchukua. Alimwona mama kwenye vilima vya Lubero, anatembea ndani ya ukungu, anasema kitu kisichosikika. Alipoamka, harufu ilikuwa bado puani, na hakujua imetoka ndotoni au mtini. Alimkumbuka mama yake mpaka kifua kikauma.

Kijiti kimoja kikafa, kisha vingine vitatu, kisha vingine vitano. Vikabaki vitatu vya kijani. Lakini Chantal alisema kijani peke yake hakitoshi.

"Usichimbe kuangalia. Vuta kidogo tu, polepole. Kama inakuja, haina mizizi. Kama inakukatalia, iko nayo."

Kyakimwa aliogopa kuvuta. Aliahirisha mpaka siku ya kuhama, mizigo ikiwa barabarani na mafundi wamekwisha kuangusha mti. Harufu yake ilijaa kiwanja kizima, na yeye akapiga magoti mbele ya makopo.

Alivuta cha kwanza. Kikaja, kitupu kama njiti ya kiberiti. Akavuta cha pili. Nacho kikaja. Muhindo alikuwa anaita kutoka barabarani, gari linasubiri.

Akashika cha tatu kwa vidole viwili. Kilimkatalia.

Kyakimwa akavuta tena, polepole zaidi, si kwa kupima, bali kwa utamu wa kukataliwa.